Kizuia Kutu Kisichozuia Nyufa

Katika miaka yangu ya kazi ya uhandisi wa matengenezo nimetia sahihi nyaraka nyingi ambazo sizikumbuki tena, lakini ipo moja ninayoweza kuisoma hata nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa na kurasa mbili, na ilieleza namna kibadilishajoto kimoja cha mirija kingesafishwa ukoko wa chokaa uliokuwa umebana njia za maji. Mstari wa sita ulisema kwamba asidi itakayotumika ni ya haidrokloriki, yenye nguvu ya asilimia 5, iliyotiwa kizuia kutu. Mirija yenyewe ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi, daraja la 304L. Nilipofika kwenye maneno hayo matatu, iliyotiwa kizuia kutu, moyo wangu ulitulia, nikachukua kalamu.

Kazi ilikwenda vizuri. Asidi ilizungushwa kwa saa sita ikiwa na joto la nyuzi 50 hivi, ukoko ukayeyuka, mirija ikasuuzwa kwa maji hadi maji yaliyotoka yakawa hayana uchachu. Waliofanya usafi huo walikuwa wamening'iniza ndani ya asidi vibao viwili vya majaribio, kimoja cha chuma cha kaboni na kingine cha 304L, ambavyo walivipima kabla na baada ya kazi kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu. Kibao cha stenlesi kilikuwa kimepoteza uzito mdogo mno, na kilirudi kikiwa king'aavu kama kilivyoingia. Ripoti ikasema kwamba kizuizi kimefanya kazi ipasavyo. Nilikitia kibao kile katika bahasha pamoja na ripoti, nikakifungia kabatini.

Katika wiki ya tano baada ya mtambo kuwashwa, kimiminika cha upande mmoja kilianza kuonekana upande wa pili. Tulipolifungua fungu la mirija, macho hayakuona kitu: hakuna kutu, hakuna tundu, wala ukuta wa mrija haukuwa umepungua unene. Ilibidi tupake rangi nyekundu ya kupenya, tuifute, kisha tupulizie unga mweupe juu yake, ndipo mistari myembamba ilipojitokeza, mingi ikiwa kwenye mapindo ya mirija na pale ilipotanuliwa ili ikamate kwenye bamba la vichwa. Kipande kilichokatwa na kusuguliwa kwa ajili ya hadubini kilionyesha nyufa zilizotawanyika kama matawi ya mti uliopukutika majani, zikipita katikati ya chembe za chuma badala ya kufuata mipaka yake. Mtu yeyote aliyewahi kuona picha hiyo hahitaji kuambiwa mara ya pili. Zilikuwa nyufa za ulikaji chini ya mkazo, yaani chuma kuliwa na kemikali huku kikivutwa, na kilichozileta ni kloraidi, ioni za klorini zilizoingia na asidi yetu ya haidrokloriki.

Ulikaji wa aina hii hutokea pale mambo matatu yanapokutana: chuma cha aina inayoathirika, mkazo wa kuvuta, na mazingira mahususi yanayokidhuru chuma hicho. Jifya moja haliinjiki chungu, na katika jambo hili hata mawili hayatoshi. Chuma tulikuwa nacho, kwa kuwa stenlesi za jamii ya 304, zenye takribani asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, ndizo zinazojulikana zaidi kwa udhaifu huu. Mkazo pia tulikuwa nao, tena bila mtu kuuweka kwa makusudi, kwa sababu mrija uliokunjwa au kutanuliwa kwa baridi, na vilevile chuma kilichochomelewa, hubaki na mkazo wa ndani ambao unaweza kukaribia kiwango ambacho chuma huanza kubadilika umbo bila kurudi. Mazingira tuliyaleta wenyewe kwa pipa. Maji ya kusuuza yaliondoa asidi iliyokuwa ikipita katikati ya mirija, lakini hayakufika vizuri kwenye mwanya mwembamba kati ya mrija na bamba, wala chini ya mabaki ya ukoko. Mtambo ulipopashwa joto tena hadi kupita nyuzi 90, maji ya mwanyani yakawa yanavukizwa na kurudi, yanavukizwa na kurudi, na kila mzunguko ukaacha kloraidi nzito zaidi. Kwa desturi ya kazi, mtu huanza kuogopa kloraidi kwenye stenlesi hizi joto linapopita nyuzi 60 hivi. Sisi tulikuwa tumepita mbali.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kanuni ya kutotumia asidi ya haidrokloriki kwenye stenlesi hizi, iwe na kizuizi au isiwe nacho, niliijua tangu nikiwa mwanafunzi. Ni kanuni ya zamani na inasemwa waziwazi. Asidi ya sitriki, ya salfamiki au ya naitriki ingeweza kufanya kazi ileile kwa muda mrefu kidogo zaidi. Neno kizuizi ndilo lililoniondolea wasiwasi ambao ulipaswa kubaki.

Kwa haki ya wauzaji wa kemikali ile, kizuizi chao hakikuwa cha uongo. Vizuia kutu vinavyotiwa katika asidi ya kusafishia kwa kawaida ni molekuli za kikaboni, nyingi zikiwa na naitrojeni au salfa, zinazojishikiza juu ya chuma na kuifunika sehemu ambako asidi ingeshambulia. Kwenye chuma cha kaboni vinaweza kupunguza upotevu wa chuma kwa zaidi ya asilimia 90, na bila ya vizuizi hivyo hakuna ambaye angethubutu kusafisha boila kwa asidi. Kosa lipo katika kipimo tunachokitumia kuvisifu. Mizani hupima chuma kilichoondoka, lakini ufa hauondoi chuma kwa kiasi cha kuonekana: huondoa safu nyembamba tu ya atomu katika mstari mmoja, na kipande kilichopasuka mara mbili kinaweza kuwa na uzito uleule kiliokuwa nao kikiwa kizima. Zaidi ya hayo, kibao cha majaribio kilikuwa bapa, hakikukunjwa wala kufungwa bolti, kwa hiyo hakikuwa na mkazo wowote wa maana. Kiliulizwa swali lisilohusu mirija yangu, kikajibu kwa usahihi, nami nikalichukua jibu lake kana kwamba limetoka kwenye mirija.

Ili kueleza kwa nini kizuizi kimoja husaidia na kingine hakisaidii, inafaa kwanza kutazama kinachoilinda stenlesi. Tangu Harry Brearley alipotengeneza chuma chake chenye kromiamu mjini Sheffield mwaka 1913, siri imekuwa ileile: kromiamu ikifika takribani asilimia 10.5 au zaidi, uso wa chuma hujifunika utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, ambao ukikwaruzwa hujifunga upya wenyewe maadamu kuna oksijeni au kioksidishaji kingine. Utando huo ndio unaofanya ulikaji wa jumla uwe mdogo sana, na ndio pia unaoandaa njia ya ufa. Chuma kisicho na utando hulika kila mahali kwa pamoja na huwezi kukosa kukiona. Chuma chenye utando mzuri kikipasuka utando huo mahali pamoja, nguvu yote ya shambulio huelekezwa hapo, kwa sababu eneo kubwa lililobaki salama hufanya kazi ya kathodi, yaani upande wa umeme usiolika, kwa ajili ya eneo dogo lililo wazi.

Mkazo ndio unaouvunja utando kwenye ncha ya ufa na kuuzuia usijifunge. Chuma kilicho wazi kwenye ncha huyeyuka, ioni za kromiamu na za chuma zilizoyeyuka huchukuana na maji na kuyafanya kuwa na asidi, na ili chaji za umeme ziwe sawa, kloraidi huvutwa kutoka nje kuingia ndani. Kwa hiyo maji yaliyo kwenye ncha ya ufa si maji yaliyo ndani ya tangi. Unaweza kuchota sampuli kutoka kwenye bomba, ukapima kloraidi miligramu 30 kwa lita na uchachu wa kawaida kabisa, wakati ndani ya ufa usiozidi upana wa unywele kuna maji ya chumvi nzito yenye asidi kali. Kizuizi chochote kitakachodai kuzuia ufa ambao tayari umeanza lazima kiweze kusafiri hadi kwenye ncha hiyo, kiwe hai kikifika katika asidi ile, na kishindane na kloraidi ambazo zinavutwa kwa nguvu ileile. Molekuli kubwa ya kikaboni inayojishikiza kwenye kila ukuta inaopita haina matumaini makubwa katika safari hiyo.

Naitreti ina matumaini zaidi, na hapa ndipo kemia inaponivutia. Ioni ya naitreti ni ndogo, ina chaji hasi kama kloraidi, kwa hiyo nayo huvutwa ndani ya ufa. Mwaka 1969 mtaalamu wa ulikaji Herbert Uhlig na mwenzake Cook walichapisha kazi juu ya naitreti na asiteti zinavyozuia nyufa katika stenlesi ya 18-8, jamii ileile ya 304, iliyotumbukizwa kwenye magnesi kloraidi ya moto, kimiminika ambacho wahandisi wa ulikaji hukitumia kama mtihani mkali kuliko yote. Walichoonyesha ni kwamba ipo potensheli maalumu ya umeme, yaani kiwango cha volti cha chuma ndani ya kimiminika, ambayo chini yake chuma hakipasuki. Katika magnesi kloraidi yenye joto la nyuzi 130, kizingiti hicho kiko karibu na volti 0.145 chini ya sifuri ya haidrojeni, ambayo ndiyo rejea ya vipimo hivi, na potensheli ambayo chuma hujichagulia chenyewe ndani ya kimiminika hicho iko juu yake kidogo tu. Hapo ndipo hatari yote ilipo, katika hiyo tofauti ndogo. Ukitia naitreti ya kutosha, kizingiti hupanda hadi kuipita potensheli ya chuma, na nyufa hazitokei ingawa chuma, mkazo na kloraidi vyote vipo palepale. Maelezo ya Uhlig ni kwamba naitreti hunyang'anyana na kloraidi nafasi za kujishikiza kwenye chuma kilicho wazi. Wapo wanaoyapinga maelezo hayo na kutoa mengine, lakini matokeo yenyewe hayana ubishi mkubwa, na kwangu mimi wazo la kizingiti limekuwa na manufaa kuliko nadharia yoyote iliyo nyuma yake.

Manufaa yake ni kwamba linaonyesha njia mbili za kumwokoa mgonjwa. Unaweza kukipandisha kizingiti, kama naitreti inavyofanya, au unaweza kuishusha potensheli ya chuma. Katika vinu vya nyuklia vya maji yanayochemka, mabomba ya stenlesi yalipasuka kwenye maungio ya kuchomelea miaka ya 1970, safari hii zikiwa nyufa zilizofuata mipaka ya chembe kwa sababu joto la kuchomelea lilikuwa limeifanya kromiamu ya mipakani ijiunge na kaboni na kuiacha mipaka hiyo bila ulinzi. Maji ya vinu hivyo ni safi mno, kloraidi hazihesabiki. Aliyekuwa akiiinua potensheli ni oksijeni inayozaliwa maji yanapopasuliwa na mnururisho. Dawa iliyokuja kukubalika ni kuingiza haidrojeni katika maji ya kulishia ili potensheli ishuke chini ya takribani volti 0.230 hasi kwa kipimo cha haidrojeni. Hakuna anayeiita haidrojeni kizuia kutu, lakini kazi inayofanya ni ya kizuizi, na kinyume chake vipo vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la vizuizi ambavyo, kwa kuwa ni vioksidishaji, vikitiwa pungufu vitaisukuma potensheli juu, kuelekea hukohuko tusikotaka.

Naitreti ina hadithi yake nyingine ambayo kila anayeshika kopo la kemikali anapaswa kuijua. Katika viwanda vya kusafishia mafuta, mirija ya tanuri na vyombo vya stenlesi hujengeka tabaka la salfaidi ya chuma wakati wa kazi. Mtambo ukizimwa na kufunguliwa, salfaidi hiyo ikikutana na unyevu na oksijeni ya hewa hugeuka kuwa asidi za polithioniki, ambazo hupasua stenlesi iliyopoteza kromiamu kwenye mipaka ya chembe hata katika joto la kawaida la chumba. Utaratibu uliozoeleka ni kuosha kwa maji yenye asilimia 2 ya sodiamu kaboneti kabla ya kuruhusu hewa iingie, na kuyaacha yakauke bila kusuuzwa ili tabaka la alkali libaki. Katika maelekezo hayo yanayotumika duniani kote kuna nyongeza: sodiamu naitreti asilimia 0.4, kwa ajili ya kuzuia kloraidi zilizomo kwenye maji ya kuoshea zisije zikaleta msiba wa pili. Halafu linafuata onyo kwamba naitreti isizidishwe, kwa kuwa ikizidi inaweza kukipasua chuma cha kaboni kilichomo katika mtambo huohuo.

Onyo hilo si la kutisha watoto. Naitreti ya moto na nzito ni mojawapo ya vimiminika vinavyojulikana tangu zamani kwa kupasua chuma cha kaboni. Wakati huohuo, katika maboila ya zamani yaliyofungwa kwa ribiti, ambako soda kali ilijikusanya kwenye mianya ya maungio na kukipasua chuma cha kaboni, dawa iliyotumika ilikuwa ni kutia sodiamu naitreti kwa uwiano maalumu na soda hiyo. Kwa hiyo chumvi moja, ndani ya chuma kimoja, ni kinga dhidi ya soda na ni sumu ikiwa peke yake katika joto kali, na kwenye chuma cha pili ni kinga dhidi ya kloraidi. Anayeuliza kama naitreti ni kizuizi kizuri anauliza swali ambalo halijakamilika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hata hauhusu stenlesi. Amonia kavu inayosafirishwa katika matangi ya chuma cha kaboni inaweza kuyapasua matangi hayo, hasa ikiwa imeingiwa na hewa kidogo. Kizuizi chake ni maji, asilimia 0.2 tu, kitu ambacho kwa mtu asiyejua kingeonekana kuwa uchafu wa kuondolewa. Ukiiongezea amonia usafi unaongeza nyufa.

Tatizo la kipimo, yaani cha kutia kiasi gani, ndilo linalowashinda wengi katika maisha ya kila siku ya mtambo. Katalogi huandika kiasi kwa lita, ilhali kinachoamua ni uwiano kati ya kizuizi na kloraidi mahali penye hatari, ambapo si mahali tunapopachota. Vizuizi vinavyofanya kazi kwa upande wa anodi, yaani pale chuma kinapoyeyuka, kama vile kromati, naitraiti (chumvi nyingine, si ile naitreti) na molibdeti, vina tabia mbaya ya kuwa hatari zaidi vikipungua kuliko visipokuwapo kabisa, kwa sababu hufunika sehemu kubwa ya uso na kuacha vidoa vichache ambavyo hubeba shambulio lote, na kidoa kilicholika kuwa shimo ni mahali pazuri mno pa kuzalia ufa. Kromati ilikuwa mfalme wa vizuizi hadi ilipokubalika kwamba kromiamu ya aina hiyo husababisha saratani, na leo mtu mwenye busara haitii katika maji ya kupoozea. Naitraiti huliwa na bakteria katika mifumo isiyo ya moto, na wiki mbili za uzembe zinatosha kuimaliza. Nimewahi kuona daftari la kipimo ambalo kila siku lilisoma kiasi kilekile bila kubadilika hata nukta moja, na nilifahamu mara moja kwamba lilijazwa mezani.

Kisha kuna sehemu ambazo kizuizi hakiwezi kufika hata kikiwa kizuri namna gani, kwa sababu hakuna kimiminika cha kukibeba. Tarehe 9 Mei 1985 dari ya zege juu ya bwawa la kuogelea la ndani mjini Uster, nchini Uswisi, iliporomoka na kuua watu 12. Ilikuwa imetundikwa kwa fito za stenlesi tangu bwawa lilipofunguliwa miaka 13 kabla. Fito hizo hazikuwa ndani ya maji. Mivuke yenye klorini iliyopanda kutoka bwawani ilitua juu yake ikaacha tabaka la kloraidi na asidi ambalo hakuna aliyelisuuza, kwa kuwa lilikuwa juu ya dari, mahali pasipofikiwa na fagio wala macho. Wahandisi wengi walikuwa wamejifariji kwa ile kanuni ya nyuzi 60, na joto la hewa ya bwawani lilikuwa chini sana ya kanuni hiyo. Kemia ya maji ya bwawa ilikuwa ikipimwa kila siku. Kemia ya vumbi lililo juu ya fito haikupimwa na mtu.

Chini ya vihami joto vya mabomba hali hufanana na hiyo. Mvua huingia kwenye kiungo cha bati kilicholegea, huchukua kloraidi kutoka kwenye kihami chenyewe au kutoka kwenye chumvi ya hewani, hufika kwenye bomba la moto na kukauka, na siku ya pili hurudia. Huko kuna kizuizi kimoja ambacho nakihesabu kuwa ni cha werevu mkubwa, nacho ni sodiamu silikati inayotiwa ndani ya kihami joto kiwandani. Maji yaleyale yanayoyeyusha kloraidi huyeyusha na silikati, hivyo sumu na kinga vinasafiri katika gari moja na kufika kwa pamoja. Ubora wa kihami kwa ajili ya stenlesi kwa hiyo hauamuliwi na kiasi cha kloraidi pekee. Huamuliwa na kiasi hicho kikilinganishwa na jumla ya sodiamu na silikati. Wengine hulifunika bomba kwa karatasi ya alumini kabla ya kuvika kihami, na alumini hiyo, kwa kuwa ni dhaifu kuliko stenlesi, hujitoa mhanga na kuivuta potensheli ya bomba iwe chini ya kizingiti, jambo lilelile ambalo haidrojeni hulifanya kinuni.

Watu huniuliza kwa nini tusibadilishe chuma tu tukaachana na kemikali. Mara nyingi hilo ndilo jibu sahihi. Mchoro wa Copson, uliochorwa kutokana na majaribio katika magnesi kloraidi inayochemka, unaonyesha kwamba nikeli ikiwa karibu asilimia 8 hadi 10 chuma hupasuka upesi kuliko kiwango kingine chochote, nayo ndiyo nikeli iliyomo katika 304, chuma kinachouzwa kwa wingi kuliko stenlesi zote. Ukipunguza nikeli sana, kama katika stenlesi za feriti, au ukiipandisha kupita asilimia 40 hivi, nyufa za kloraidi hupungua mno. Katikati kuna stenlesi za dupleksi, zenye miundo miwili ya chembe iliyochanganyika, kama 2205, yenye kromiamu asilimia 22 na nikeli asilimia 5, ambazo zimekuwa kimbilio la wengi. Fungu jipya la mirija tuliloagiza lilikuwa la 2205. Lakini mabomba, matangi na vali vya 304 vilivyokuwa tayari vimesimama havingeweza kung'olewa vyote kwa sababu mimi nilitia sahihi karatasi moja, na hivyo vinaendelea kusafishwa, kujazwa na kuoshwa kwa kemikali za watu wengine.

Ndiyo sababu nilitaka kuelewa, si kulalamika tu. Niliwaandikia wauzaji wa kizuizi kile nikiomba ushahidi wowote unaohusu nyufa. Walinijibu kwa adabu na kuniletea majedwali mengine manne ya upotevu wa uzito.

Basi nikaazima nafasi katika maabara, chupa tatu za kioo zenye minara ya kupoozea mvuke, na kilo kadhaa za magnesi kloraidi. Nilikata ukanda wa 304L kutoka kwenye bati moja, nikaukunja vipande viwili umbo la herufi U kwa kuvizungushia bomba dogo, nikavibana miguu kwa bolti ili mkazo usilegee. Cha kwanza nilikiweka katika magnesi kloraidi tupu inayochemka. Cha pili nilikiweka katika kimiminika hichohicho kilichotiwa naitreti. Kwa chupa ya tatu, iliyotiwa kizuizi cha wauzaji wale kwa kiasi walichokipendekeza, nilikwenda kabatini nikaitoa ile bahasha. Kibao kilichomo kilikuwa bado kinang'aa. Nilikikunja kama vile vingine na kukifunga bolti, nikakipima kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, nikakitumbukiza.

Jaribio la vipande vitatu si utafiti, na sitaki msomaji alichukue hivyo. Kipande cha kwanza kilipasuka usiku uleule. Chenye naitreti nilikitoa baada ya siku sita kikiwa kizima, na rangi ya kupenya haikuonyesha mstari wowote. Kibao cha bahasha nilikikuta asubuhi ya siku ya pili. Kilikuwa na nyufa tatu zilizokatiza mgongo wa pindo, mmojawapo ukiwa mpana kiasi cha kuingiza ukucha, na bolti ilikuwa imelegea kwa sababu chuma hakikuwa tena na nguvu ya kuivuta. Nilikiosha, nikakikausha, nikakirudisha kwenye mizani kama kilivyokuwa kimepimwa siku ile ya usafi. Kilikuwa kimepoteza miligramu mbili.